Vua Viatu Tutazame Nyayo

Nilianza kazi ya eksirei Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1982 nikaenda Uingereza kuongeza masomo. Nia ilikuwa nikae kidogo nirudi nyumbani Tanga. Nikakaa hadi kustaafu. Hospitali niliyoitumikia muda mrefu zaidi ilikuwa kusini mwa London. Siitaji jina, na wagonjwa siwataji, kwa kuwa hakuna aliyenipa ruhusa. Itoshe kusema tulikuwa na idara ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na kwamba si mbali na pale, huko Wimbledon, katika hospitali ya Atkinson Morley, ndiko mgonjwa wa kwanza alikopigwa picha ya CT, tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine aliyoibuni Godfrey Hounsfield. Wazee wa idara yetu walilisimulia tukio hilo kwa majivuno, utadhani mashine waliiunda wao.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya uvimbe mweusi. Sisemi mweusi kwa mafumbo. Nasema uvimbe ambao daktari akiufikia kwa kisu anaukuta mweusi tii, kwa sababu seli zake zinatengeneza melanini, ile ile inayozipa rangi ngozi na nywele zetu. Hutokea ndani ya fuvu na ndani ya uti wa mgongo, mahali ambapo mtu hatarajii rangi yoyote. Nilipoanza kazi, picha zetu hazikuwa na njia ya kuuonyesha weusi huo. Kwenye eksirei mfupa huwa mweupe kwa kuwa umeizuia mionzi, na hewa huwa nyeusi kwa kuwa imeipitisha. Rangi ya kitu chenyewe haihusiki. CT ilitusogeza mbele, lakini nayo hupima kiasi cha mionzi kinachozuiwa, basi. Uvimbe wenye melanini ulitokea humo ukiwa mweupe kidogo kuliko ubongo, ukachukua vizuri dawa inayochomwa mshipani, na kila aliyeutazama akasema ni meninjioma, uvimbe wa kawaida wa tando za ubongo ambao mara nyingi si saratani.

Bi Mkubwa, ndivyo nitakavyomwita, aliletwa kwetu mwaka 1985. Alikuwa Mzanzibari aliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi, akapita Mombasa, akaishia Portsmouth kwa mwanawe. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani: bei, asante, kwaheri. Wauguzi waliposikia kuna mtu wa eksirei anayejua Kiswahili wakanifuata mbio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi nimempata mtu. Waambie miguu si yangu tena. Ndara ikinitoka njiani sijui, mpaka nifike nyumbani nione mguu mtupu."

Akaniambia pia kwamba anahisi amefungwa mkaja, hapa chini ya maziwa, umekazwa barabara, "na mimi sijazaa miaka thelathini." Nilipofasiri, daktari aliacha kuandika akainua uso. Kubanwa kifuani namna ile kwa mtu ambaye miguu inalegea kunaonyesha usawa ambako ugwe wa mgongo unaminywa. Nimesikia wagonjwa wengi wakijaribu kulieleza jambo hilo, kwa lugha nyingi. Hakuna aliyelieleza vizuri kuliko yeye.

Siku hizo ili tuuone ugwe ilibidi kumtia mtu dawa mgongoni. Dawa tuliyotumia iliitwa Myodil, mafuta mazito yenye iodini. Mgonjwa hukunjwa kiubavu, huchomwa sindano kiunoni katikati ya pingili, yakitoka matone ya maji ya uti wa mgongo mafuta huingizwa polepole. Kisha hufungwa mikanda kwenye meza inayoinama, na meza hushushwa upande wa kichwani mpaka miguu iko juu. Mafuta ni mazito kuliko maji yale, kwa hiyo huteremka kuelekea shingoni, nasi tunayafuata kwenye skrini. Kidevu lazima kiinuliwe, yasije yakaingia kichwani. Mimi ndiye niliyemshika kidevu, na aproni ya risasi shingoni mwangu, huku akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ndogo na kuniuliza, kila akifika mwisho, kama tumemaliza kumpindua.

Mafuta yalipofika usawa wa pingili ya nane ya kifua yakasimama. Ukingo wake wa mbele ulijipinda kuuzunguka mgongo wa kitu cha mviringo, na hiyo ilikuwa alama tuliyofundishwa: uvimbe umo ndani ya utando mgumu, lakini nje ya ugwe wenyewe. Mwanamke wa makamo, usawa wa kifua, ndani ya utando. Vitabu vyote vilisema meninjioma, na daktari akaandika meninjioma. Ningekuwa mimi ningeandika hivyo hivyo. Wamarekani walikuwa na desturi ya kuyafyonza yale mafuta baada ya kazi. Uingereza mara nyingi yaliachwa humo. Ya Bi Mkubwa yaliachwa.

Siku ya upasuaji niliingia thieta na mashine yangu ya magurudumu, maana ukizihesabu pingili za kifua kwa vidole ni rahisi kupotea. Daktari alichomeka sindano kwenye mfupa, nikapiga picha, nikakimbia kuosha filamu, nikarudi nayo inadondosha maji. Usawa ulikuwa sahihi. Ningeweza kuondoka, lakini nilibaki pembeni ya ukuta kwa sababu nilimwahidi bibi kwamba nitakuwapo. Mfupa ulipoondolewa ukaonekana utando mgumu, ambao huwa mweupe wa kung'aa, ila huu ulikuwa na ubuluubuluu. Ulipochanwa, kilichojitokeza kilikuwa cheusi kama wino wa ngisi, na kikaanza kupaka kila kilichokigusa: pamba, mrija wa kufyonzea, glavu. Daktari, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisimulia mechi ya Jumamosi, hakuumalizia mpira ule.

Neno lililowajia wote lilikuwa melanoma, saratani ya seli za rangi, ambayo huanza kwenye ngozi na ikisafiri hupenda sana ubongo. Kama ni hiyo, basi imetoka mahali, na ilipotoka lazima patafutwe. Kabla ya jibu la maabara kutoka, mwanawe aliitwa pembeni akaambiwa ajiandae kuhesabu miezi. Jamaa wa Unguja na Maskati wakapigiwa simu, na wengine walishaanza kumsomea dua.

Kazi ya kutafuta alipewa daktari wa ngozi, mama mmoja wa Kiskoti, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na mazoea ambayo wenzake waliyacheka: kabla hajauliza lolote alimwambia mgonjwa avue viatu. Hakujali mtu kaletwa kwa ugonjwa gani. Viatu kwanza, soksi pia, atazame nyayo, vidole na kucha, ndipo apande juu hadi utosini.

Sasa Bi Mkubwa, wiki chache kabla ya kulazwa, alikuwa ametoka harusini. Daktari alipoinua shuka akarudi nyuma hatua moja. Nyayo zote mbili zilikuwa zimekolea hina mpaka zinakaribia weusi, kucha ni za rangi ya damu kavu, na maua ya piko yamepanda hadi vifundoni. Nikamweleza kwamba ni pambo. Akauliza kama linaweza kuoshwa, ili aone ngozi yenyewe. Nikafasiri.

"Mwambie hina nzuri haitoki kwa sabuni," akasema Bi Mkubwa. "Ikitoka, nimeibiwa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Daktari naye akacheka, lakini hakuondoka. Alivuta taa, akatoa lenzi, akapita unyayo inchi kwa inchi, akachora kila ukucha kwenye karatasi na kuandika tarehe. Hina hukaa kwenye ukucha mpaka ukucha wenyewe ukue, na ule wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka na zaidi kukua wote. Kwa hiyo akapanga kumwita tena na tena hadi kucha mpya zitoke. Daktari wa macho akampanua mboni kutazama nyuma ya jicho, kwa kuwa melanoma huanza humo pia. Wakatazama kinywa, ngozi ya kichwa, na sehemu ambazo bibi hakupenda zitazamwe; huko nilisimama nyuma ya pazia nikifasiri nikiwa nimeupa ukuta uso. Hawakupata kitu.

Jibu la maabara lilichelewa, na baadaye mtaalamu wa patholojia alinieleza sababu. Melanini ilikuwa nyingi mno hata seli zenyewe hazionekani kwa darubini. Ikabidi waipaushe kwa pamanganeti ya potasiamu, ndipo wakaona viini: vidogo, vya umbo la yai, vimetulia, havigawanyiki ovyo, na hakuna sehemu zilizooza. Wakapima madini ya chuma kuhakikisha weusi ule si damu ya zamani. Kwa darubini ya elektroni wakaona vifuko vya melanini ndani ya seli, na hawakuona vile vishikizo vinavyoziunganisha seli za meninjioma. Haukuwa meninjioma, na haukuwa na tabia za melanoma. Ulikuwa ugonjwa uliopewa jina mwaka 1972 na Limas na Tio: melanositoma ya tando za ubongo. Huzaliwa pale pale unapokutwa, hukua taratibu, na ukitolewa wote mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi.

Nilimuuliza mtaalamu huyo seli za rangi zimefuata nini mgongoni. Akanichorea nyuma ya bahasha. Mtoto akiwa bado tumboni, seli hizi hutoka kwenye kingo za mfereji ambao baadaye huwa ubongo na ugwe, kisha husambaa. Nyingi huenda kwenye ngozi, nyingine machoni, na chache hubaki kwenye utando laini unaoufunika ubongo, hasa chini yake na sehemu ya juu ya ugwe. Kila mtu anazo. Kwa watu weusi huonekana kwa macho matupu maiti ikipasuliwa, na ni jambo la kawaida kabisa. Virchow alikwishaandika habari za uvimbe unaotokana nazo mwaka 1859. Lakini ni ugonjwa adimu: makadirio yanayotajwa ni takriban mtu 1 kwa kila watu milioni 10 kwa mwaka. Daktari wa upasuaji anaweza kumaliza maisha yake yote ya kazi asiuone.

Bi Mkubwa hakupewa mionzi, kwa kuwa uvimbe ulitoka wote. Alirudi Portsmouth akitembelea mkongojo, baadaye akauacha.

Mashine ya MRI ilifika kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Misingi yake ilikuwa imewekwa miaka ya 1970 na Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, ambao walikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Haina mionzi; ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Sisi watu wa picha tuliipokea kwa furaha na hofu. Tulijifunza upya hata namna ya kumpokea mgonjwa: bangili nje, vipini nje, mkufu nje, vibanio vya nywele, saa. Nyuma ya mlango ule niliwahi kuuona mkasi ukiruka kutoka mfukoni mwa muuguzi na kunasa kwenye sumaku.

Na hapo, kwa mara ya kwanza, weusi ukajionyesha, ila kwa kinyume chake. MRI hupiga picha za aina mbalimbali, na mbili za msingi ni T1 na T2. Kwenye T1 maji huwa meusi na mafuta meupe; kwenye T2 maji ndiyo meupe. Vivimbe vingi, kwa kuwa vina majimaji, huwa na giza kwenye T1 na mwanga kwenye T2. Uvimbe wenye melanini nyingi hugeuza mambo: unang'aa T1, unafifia T2. Sababu ni kwamba melanini ina elektroni zisizo na mwenza na hushika madini kama chuma na shaba, na vyote hivyo ni visumaku vidogo mno vinavyoifanya haidrojeni ya maji jirani itulie haraka baada ya kusukumwa na mawimbi ya redio. Kinachotulia haraka hung'aa kwenye T1. Mara ya kwanza kuuona mng'ao huo kwenye skrini yetu, madaktari waliitana kutoka vyumba vya jirani.

Furaha yetu ilipungua kadiri tulivyozoea. Damu iliyomwagika ikikaa siku kadhaa nayo hung'aa T1. Mafuta hung'aa T1. Melanoma iliyotoka kwingine hupenda kuvuja damu, kwa hiyo mng'ao wake unaweza kuwa wa melanini, wa damu, au wa vyote viwili. Ipo pia melanoma isiyo na rangi ya kutosha, ambayo haing'ai hata kidogo. Tulijifunza hila zetu: mafuta tunayazima kwa namna maalumu ya kupiga, damu tunaisubiri wiki kadhaa tupige tena, maana damu hubadilika na melanini haibadiliki. Hata hivyo hakuna hila iliyoweza kutuambia kama uvimbe unaong'aa umezaliwa pale au umehamia, wala kama ni mpole au mkali.

Mwaka 1991 Bi Mkubwa alirudi. Mgongo ulikuwa ukimuuma, chini kidogo ya mahali pa zamani. Tukamwingiza kwenye MRI. Pale penye kovu la upasuaji palikuwa safi. Lakini chini, kiunoni hadi kwenye nyonga, kulikuwa na matone yametawanyika pembezoni mwa mizizi ya mishipa ya fahamu, yote yanang'aa T1, yote yamefifia T2. Daktari kijana aliyekuwa zamu akasoma faili, akaona neno melanositoma, akajua pia kwamba uvimbe huu mara chache hurudi, na mara chache zaidi hugeuka kuwa mkali na kumwagika kwenye maji ya uti wa mgongo. Akaandika kwamba umesambaa. Ukifuata picha na faili, hoja yake ilikuwa nzuri.

Nilitumwa nikamweleze bibi kwamba huenda akachomwa sindano ya mgongo tena, na labda kufunguliwa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia kwamba tumeona matone meupe yametapakaa mgongoni mwake chini. Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, si yale mafuta mliyonitia?"

Nilishuka ngazi hadi stoo ya filamu na kutoa bahasha ya mwaka 1985. Kisha tukampiga eksirei ya kawaida ya kiuno, ile ya bei rahisi kuliko zote hospitalini. Matone yalikuwa yale yale, mahali pale pale, meupe kama chuma, kwa kuwa iodini huizuia mionzi na melanini haiizuii. Myodil iliyobaki mgongoni hung'aa T1 na kufifia T2 sawasawa na uvimbe wa melanini. Maumivu yake yalitokana na uzee wa pingili, na inawezekana pia na mafuta yenyewe, ambayo siku hizo yalikwisha kujulikana kuwa huwachoma baadhi ya watu tando na kuzigandisha. Dawa ile ilikuwa imekwisha kuachwa. Daktari kijana alifuta ripoti yake akaandika nyingine, na kwa haki yake lazima niseme kwamba alikwenda mwenyewe wodini kumshukuru bibi.

Miaka miwili hivi baadaye nilimpokea mzee wa Mombasa, baharia mstaafu aliyekuwa akiishi mashariki mwa London. Alikuwa ameanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani. MRI ilionyesha madoa kadhaa ndani ya ubongo, pale sehemu ya kijivu inapokutana na ile nyeupe. Baadhi yaling'aa T1, mengine hayakung'aa, na yote yalizungukwa na uvimbe wa majimaji. Nilimwamkia, akaniambia mambo ni shwari, kichwa tu kinamsumbua. Yule mama wa Kiskoti alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alikuja, na kama kawaida yake akasema viatu.

"Mwambie daktari kichwa ndicho kinachouma," mzee akaniambia kwa upole, "si miguu."

Alipovua soksi ya kushoto tukaona kisigino. Palikuwa na bonge jeusi lenye kingo zilizokatikakatika, katikati limechimbika na linatoa majimaji. Alisema ni jeraha la msumari, alilipata melini zamani, likawa linapona na kurudi. Alikuwa analifunga plasta na kutia dawa ya kidonda. Maabara ikathibitisha melanoma. Hakumaliza mwaka.

Wengi wa rika langu tunakumbuka habari kama hiyo kwa Bob Marley, aliyegunduliwa mwaka 1977 kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36, ugonjwa umeshafika mapafuni na kwenye ubongo. Kwetu Afrika Mashariki jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa zamani: madaktari wa Kampala, miaka ya 1960, walieleza jinsi melanoma za Waganda zilivyokuwa zikianzia kwenye unyayo. Mzungu anaambiwa aogope jua. Sisi inatuotea mahali ambapo jua halifiki na ambapo mtu mwenyewe haangalii, na kwa kuwa nyayo zetu huchomwa miiba na kupasuka, kila doa lina maelezo yake tayari. Hilo linaniudhi hadi leo. Nilisoma Muhimbili, na sikumbuki mtu aliyenifundisha kutazama nyayo.

Waliletwa watoto pia, wachache. Hao huzaliwa na baka kubwa jeusi lenye nywele, aghalabu mgongoni au kiunoni kuzunguka kama kaptula, na baadhi yao wana seli za rangi zilizozidi kwenye ubongo. Rokitansky aliueleza ugonjwa huo mwaka 1861. Kwao MRI inatakiwa ifanywe mapema, miezi ya mwanzo, kabla ala nyeupe za nyuzi za ubongo hazijakomaa. Zikikomaa nazo hung'aa T1 na kuyaficha madoa. Sitasema zaidi kuhusu watoto.

Sayansi haikusimama. Mwaka 1990 Carney, wa kliniki ya Mayo, alieleza uvimbe mwingine mweusi unaoota kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, ambao kwa baadhi ya watu huandamana na madoadoa midomoni na uvimbe ndani ya moyo. Tangu hapo mgonjwa wa namna hiyo hupimwa na moyo pia. Uvimbe huo ulihesabiwa mpole kwa miaka mingi, na sasa Shirika la Afya Duniani limeuhamishia kwenye kundi la saratani. Kuanzia takriban mwaka 2010 maabara zikaanza kusoma jeni. Vivimbe vya rangi vilivyozaliwa kwenye tando mara nyingi vina kasoro ya jeni za GNAQ au GNA11, ilhali melanoma nyingi za ngozi zina kasoro nyingine kabisa, kama ile ya BRAF. Swali lililotusumbua mwaka 1985, la kama uvimbe ni mwenyeji au mhamiaji, sasa linaweza kujibiwa kwa kipande kidogo cha nyama. Ila melanoma ya jicho nayo ina GNAQ na GNA11. Kwa hiyo hata leo, jeni zikishasomwa, lazima mtu atazame nyuma ya jicho.

Nimerudi Tanga. Nchini kwetu MRI zipo sasa, za serikali na za binafsi, na vijana wanaoziendesha wana ujuzi kuliko niliokuwa nao mimi katika umri wao. Wakinitembelea hunionyesha picha kwenye simu, na mara nyingi ni nzuri. Nikiwauliza mgonjwa aliwahi kupasuliwa nini, au aliwahi kuchomwa dawa gani mgongoni, huniambia fomu haikusema. Fomu haisemi, kweli. Mgonjwa amelala pale na ulimi wake anao.

Bi Mkubwa alifariki Portsmouth mwaka 2003, kwa ugonjwa wa moyo. Mafuta yetu alikwenda nayo.

Kwako msomaji nina maombi mawili. Ukienda kupigwa picha ya kichwa au mgongo, beba picha zako za zamani hata kama zimechakaa, na useme kila upasuaji na kila sindano uliyowahi kupata, usingoje kuulizwa. Na leo usiku, kabla hujalala, keti mahali penye mwanga utazame nyayo zako, katikati ya vidole na kwenye kucha. Wazee wako wasioweza kuinama watazamie wewe. Ukiona doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, au mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kuwa mpana, hasa rangi ikianza kuingia kwenye ngozi ya pembeni, usilifunge plasta na usisubiri liume. Nenda hospitali, uvue viatu, na useme likatwe kipande kikapimwe.